Jiwe la Ishirini

Hii ni habari ya nchi fulani ambayo si yetu. Tunalisema hilo mapema ili msomaji asihangaike kuchungulia dirishani kila anapofika mwisho wa aya. Nchi yetu ina mambo yake na hiyo ina yake, na yakitokea kufanana hapa na pale, basi hata watu wasio ndugu hufanana pua.

Mtukufu Mkuu wa nchi hiyo alikwenda ng'ambo kwa ziara ya kikazi ya siku kumi na moja. Siku ya pili, akiwa anakunywa chai kwenye roshani ya hoteli, aliona jambo lililomfanya aweke kikombe mezani. Chini kulikuwa na bustani kubwa, na ndani ya bustani hiyo watu wazima, wenye akili zao timamu na viatu miguuni, walikuwa wanakimbia. Akatazama nyuma yao aone ni nini kinachowafukuza. Hakuona polisi, hakuona mgambo, hakuona hata mbwa. Wale watu walizunguka, wakarudi palepale walipoanzia, wakaanza kucheka.

"Wameiba nini?" akamuuliza balozi wake.

"Hawajaiba, Mtukufu. Wanapumzika."

Mtukufu alikaa pale mpaka chai ikapoa. Siku aliporejea nyumbani hakungoja hata kufika ikulu. Alilihutubia taifa hapohapo uwanja wa ndege, ngoma zikiwa bado zinalia.

"Ndugu wananchi, nimeigundua siri ya wenzetu! Wenzetu wanapumzika kwa kukimbia. Sisi tunapumzika kwa kukaa, na ndiyo maana tupo hapa tulipo. Naagiza: ndani ya siku tisini, Jiji liwe na mahali rasmi pa mapumziko ya kujishughulisha. Atakayekutwa anapumzika kwa kukaa, aelimishwe!"

Mawaziri walipiga makofi kwa nguvu, wote wakiwa wamekaa.

*

Agizo hilo lilimkuta Fundi Mkumbukwa kwenye karakana yake nyuma ya ofisi za Jiji, akichonga herufi M ya neno Mheshimiwa. Katika miaka thelathini na mmoja ya utumishi alikuwa ameichonga herufi hiyo mara nyingi mno, kiasi kwamba mkono mmoja uliichonga huku mwingine umeshika bakuli la uji. Fundi alikuwa mchongaji wa mawe ya msingi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake nzima, wala haikuwa ndogo. Katika nchi ile hakuna kitu kilichoweza kuanza bila jiwe la msingi, na pazia dogo la kulifunika jiwe, na Mheshimiwa wa kulifungua pazia, na wananchi wa kushangilia pazia likifunguka.

Mtu wa kuja angedhani kwamba baada ya jiwe hufuata jengo. Fundi naye aliwahi kudhani hivyo enzi za ujana wake. Aliyemtoa ushamba alikuwa Bi Chausiku wa masijala, mama aliyetunza mafaili yote ya Jiji na kutembea na funguo zake kiunoni.

"Fundi, hebu sikiliza nikwambie," Bi Chausiku alimwambia mwaka huo. "Mradi ukishazinduliwa, faili lake linakwenda rafuni. Sasa sisi rafu tunayo moja tu. Miradi iliyozinduliwa humo, iliyokamilika humohumo. Mkubwa akija kuuliza, namwonyesha rafu, anahesabu mafaili, anafurahi, anakwenda zake."

"Na anayetaka kuja kujenga?"

"Anaambiwa mradi umekamilika. Utajengaje kitu kilichokwisha?"

Rafu ya pili iliombwa tangu Bi Chausiku hajaolewa, na sasa alikuwa na wajukuu. Si kwamba ombi lake lilipuuzwa. Jiwe la msingi la rafu hiyo lilikwishawekwa kwa shangwe, na Fundi ndiye aliyelichonga.

Mawe mengi aliyoyachonga yaliishia mahali pamoja, nyuma ya kituo cha zimamoto, kwenye uwanja mpana wa udongo mwekundu ambao watu waliuita Kiwanja cha Mawe. Ndicho kiwanja pekee kilichobaki wazi Jijini. Vingine vyote vilikuwa vimejengwa na watu wenye haraka, wasiongoja pazia. Hiki kilipona kwa sababu kila mkubwa aliyeingia madarakani alikitamani, akaja na ngoma zake, akaweka jiwe, akaondoka. Mawe yalikuwa yamefika kumi na tisa. Jiwe la Maktaba Kuu lilikuwa chini ya mti wa mkungu, na wanafunzi walilikalia wakasomea hapo. La Hospitali ya Mifupa lilikuwa na kimo kizuri cha kunyooshea mgongo. La Soko la Kisasa na la Ukumbi wa Mikutano yalisimama hatua saba moja kutoka jingine, kwa hiyo yakawa goli la upande wa kusini. Jiwe la Bwawa la Kuogelea liliwekwa bondeni. Mvua ikinyesha maji yalijaa kulizunguka, na watoto waliogelea kama Mheshimiwa alivyoahidi.

Fundi hakuijua thamani ya kiwanja hicho mpaka mkewe, Mwanahija, alipofariki. Baada ya arobaini alijifungia karakanani, akawa anakula mkate na chai ya sukari nyingi, akanenepa, magoti yakavimba. Dokta Nyangeta wa zahanati alimpima sukari mara mbili, akidhani mashine imekosea.

"Mzee wangu, mimi sitakuficha," Dokta Nyangeta alimwambia. "Usipotembea, utabebwa. Chagua mwenyewe."

Basi asubuhi moja akaenda Kiwanja cha Mawe, huku akiona haya. Akamkuta Bi Sikudhani, muuza vitumbua, mama mwenye mwili wake na filimbi shingoni, akiongoza kundi la watu ishirini na kitu waliojiita Magoti Jogingi. Hakuulizwa jina wala shida. Bi Sikudhani alipuliza filimbi akasema, "Wewe mgeni, kaa nyuma ya yule mwenye kanga ya njano. Ukichoka usikae, tembea." Fundi akatembea. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Sasa sukari ilikuwa imeshuka, magoti yalikuwa yanamtii, na zaidi ya hayo alikuwa na watu wa kumuuliza "mbona jana hatukukuona?" Alikipenda kile kiwanja kwa moyo wake wote, na hakuona aibu kulisema hilo.

*

Agizo la Mtukufu lilizaa Kamati ya Kubaini, Kuainisha na Kupendekeza Maeneo ya Mapumziko ya Kujishughulisha, yenye wajumbe kumi na wawili ambao kwa pamoja walikuwa hawajatembea tangu uhuru. Fundi aliamriwa aandamane nayo na futi yake, apime mahali ambapo jiwe lingekaa.

Kamati ililizunguka Jiji kwa magari saba yenye vioo vyeusi. Haikushuka. Itifaki ilisema mjumbe hashuki kabla ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti hashuki mpaka afunguliwe na Ofisa Mfungua Mlango, na nafasi ya ofisa huyo ilikuwa wazi tangu mwaka juzi. Kwa hiyo wajumbe walikagua kupitia vioo, na wote wakaafikiana kwamba Jiji lina kivuli cha kutosha. Fundi, ambaye hakuwa na itifaki yoyote, alipanda pikapu ya nyuma pamoja na hema na viti, akawa anashuka kila mahali na kupima.

Vigezo vilikuwa vitatu. Pawe na nafasi ya msafara kugeuza magari. Pawe na mahali pa kuweka meza kuu. Na pasiwe na watu, kwa kuwa watu huleta fujo na kuharibu mapumziko.

Walianza na makaburi ya zamani. Mwenyekiti alishusha kioo upana wa kidole kimoja, akavuta hewa.

"Panafikika, pana utulivu," alisema. "Na waliopo wamepumzika kweli."

Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba agizo lilitaka kujishughulisha. Makaburi yakakatwa. Wakaenda kwenye uwanja wa gereza, wakaupenda sana, maana waliokuwamo walikuwa wanaruka kichura kwa mstari, wala hakuna aliyechelewa kazini. Mjumbe yuleyule akauliza wananchi wataingiaje humo.

"Kuingia si tatizo kabisa," Mwenyekiti alimjibu. "Kutoka ndiko kunahitaji mchakato."

Waliafikiana juu ya kipilefti kikubwa cha katikati ya Jiji. Kilikuwa na nyasi, kilikuwa na sanamu, na hakikuwa na mtu hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuvuka barabara akakifikia akiwa mzima. Msafara ulikizunguka mara nne bila kuhitaji kugeuza. Ofisa mmoja wa Idara ya Michezo alipelekwa kufanya jaribio. Alishushwa pale asubuhi na msafara, msafara ukaondoka, naye akaanza kukimbia. Alipochoka, akatafuta upenyo kati ya magari ili atoke, asiupate. Alikimbia akizunguka hadi mchana, watu wa kwenye magari wakimpungia mkono, mpaka zimamoto wakaja na ngazi. Inasemekana hata leo ofisa huyo akitumwa dukani hupinda kulia mwenyewe.

Kiwanja cha Mawe kilikaguliwa siku ya mwisho. Magoti Jogingi walikuwa raundi ya tatu, vijana wanacheza kabumbu, wazee wanacheza bao juu ya jiwe la Mahakama ya Mwanzo. Mwenyekiti alitazama kwa muda mrefu.

"Hapa pana watu," alisema kwa masikitiko. "Andikeni: hapafai, panatumika."

Kule nyuma kwenye pikapu, Fundi alimshukuru Mungu bila kutoa sauti.

*

Shukrani hiyo ilidumu wiki moja. Siku ya sitini na tano ya agizo, Jiji lilipata Mkurugenzi mpya, Mhandisi Evodius Mutalemwa, mtu wa makamo aliyekunja mikono ya shati na kuonyesha kwamba haikuwa kwa ajili ya picha. Alikuwa mtu wa vitendo. Jambo hilo lilikuwa geni Jijini, na watumishi hawakujua wamsaidieje. Aliisoma ripoti ya Kamati, kurasa mia nne, akaitupa pembeni. Akapanda gari, akafika Kiwanja cha Mawe, akajifungulia mlango mwenyewe. Dereva wake aliomba radhi kwa niaba ya mlango.

Mkurugenzi alitembea mpaka katikati, akapiga mguu chini.

"Ni hapa," alisema.

Ramani ya mradi ilibandikwa kwenye ukuta wa zimamoto siku iliyofuata, na Magoti Jogingi wote wakaenda kuisoma. Kutakuwa na uzio wa chuma wa mita tatu na geti moja. Mahali pa mapumziko patafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, siku za kazi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu patafungwa, ili mahali penyewe papumzike. Mwananchi anayetaka kukimbia atajaza fomu nakala tatu, akieleza umbali, upande anaoelekea, na sababu. Mipira hairuhusiwi, wala filimbi, wala vyakula, wala kukimbia zaidi ya watu wawili kuelekea upande mmoja.

Bi Sikudhani aliisoma mara mbili.

"Filimbi wamenipokonya, vitumbua wamenipokonya," alisema. "Mimi nimebakiwa na nini?"

"Goti, Bi mkubwa," mmoja akajibu.

"Goti nalo litajaza fomu. Fundi, wewe uko na hao wakubwa. Hakuna la kufanya?"

"Msihofu," Fundi aliwaambia, na hakuwa anawafariji tu. "Ataweka jiwe. Wakishaweka jiwe hawajengi."

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi, kofia mkononi na penseli sikioni.

"Mheshimiwa, nimekuja kuchukua maneno ya jiwe la msingi."

"Jiwe gani?" Mkurugenzi hakuinua uso kwenye makaratasi. "Mzee, hakuna jiwe. Enzi za mawe zimepita. Jumatatu saa nne katapila linaingia, Ijumaa uzio umesimama. Na yale mawe kumi na tisa nitayasaga yawe kokoto za njia."

Fundi alitoka. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, magoti yalimwambia kaa. Hakukaa. Alitembea mpaka masijala.

"Bi Chausiku, faili la Kiwanja cha Mawe liko wapi?"

"Liko mezani kwake."

"Haliwezi kuja rafuni?"

"Lije kwa hoja gani? Halijazinduliwa." Bi Chausiku alishusha miwani, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetoa habari ya msiba. "Faili likikaa mezani muda mrefu, Fundi, mwishowe watu hulifanyia kazi. Nimeliona hilo mara moja tu maishani mwangu. Kilikuwa choo cha stendi. Mpaka leo kipo."

*

Fundi Mkumbukwa alikuwa na jiwe moja ambalo hakuwahi kulitolea hati. Lilikuwa jeusi, limenyooka, halina mshipa wala doa, na lilikuwa limeegemea ukuta wa karakana likifunikwa gunia. Alikuwa amejiwekea mwenyewe, la kaburi lake, likae karibu na la Mwanahija. Jumamosi alilitoa gunia, akalitazama. Akaona heri atembee bila jiwe kuliko kulala mapema chini yake. Akachukua patasi.

Alichonga Jumamosi kutwa na Jumapili kutwa. Hakuwahi kuchonga vizuri namna ile. Ile M ya Mheshimiwa aliichonga kwa mikono yote miwili, na uji ukapoa.

Jumatatu saa tatu kasoro aliusukuma mkokoteni mpaka mlangoni kwa Mkurugenzi, akasaidiwa na walinzi kuliingiza jiwe ndani. Kwenye mkono wake wa kulia alikuwa na nyundo.

"Mzee, tulishaongea," Mkurugenzi alisema.

"Tumeongea, Mheshimiwa, na nimeelewa. Hili ni kosa langu, nililichonga kwa mazoea. Nimekuja kulivunja. Ila utaratibu wetu sisi mafundi ni kwamba jina la kiongozi halivunjwi bila mwenyewe kushuhudia."

Akaondoa gunia. Mwanga wa dirishani uliyapiga yale maandishi ya dhahabu: JIWE HILI LIMEWEKWA NA MHESHIMIWA MHANDISI EVODIUS MUTALEMWA, MKURUGENZI WA JIJI, MTU WA VITENDO.

Mkurugenzi alisoma. Fundi akainua nyundo.

"Hebu ngoja," Mkurugenzi alisema.

Fundi akangoja.

"Hiyo ni dhahabu?"

"Ni rangi tu, Mheshimiwa. Lakini haifutiki miaka mia."

"Miaka mia," Mkurugenzi alirudia taratibu.

Fundi akainua tena nyundo, safari hii mpaka juu ya kichwa.

"Mzee, nimesema ngoja!" Mkurugenzi alikuwa ameshasimama. Alizunguka meza, akachuchumaa mbele ya jiwe, akapitisha kidole kwenye jina lake, herufi moja moja. Aliponena, sauti haikuwa ile ya ofisini. "Unajua, Mzee, marehemu baba yangu alikuwa anafyeka barabara. Jina letu hili hakuwahi kuliona limeandikwa mahali, isipokuwa kwenye kadi ya kliniki."

Fundi alimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Akashusha nyundo kidogo, lakini hakuiweka chini.

"Hivi kulivunja jiwe kama hili si uharibifu wa mali ya umma?" Mkurugenzi aliuliza.

"Sheria wewe ndiye unayeijua, Mheshimiwa."

"Na neno 'Mwasisi' linaweza kuingia?"

"Nafasi ipo hapo chini. Niliiacha."

Mkurugenzi alisimama, akajikung'uta magoti, akajaribu kuirudisha sauti yake ya kazi.

"Basi tutazindua. Kwa ufupi sana, bila makuu. Katapila lisubiri siku mbili tatu tu."

"Litasubiri, Mheshimiwa," Fundi alisema, na hakumdanganya.

*

Uzinduzi wa ufupi bila makuu ulichukua saa saba. Kulikuwa na hema nne, bendi ya magereza, na Waziri wa Mapumziko, aliyefika amechoka. Magoti Jogingi walisogezwa nje ya kamba ili wasiharibu uzinduzi wa mahali pao pa kukimbilia.

"Ndugu zangu!" Waziri alisema. "Leo taifa letu limefunga kamba za viatu! Tulikotoka, mwananchi alikimbia kiholela, bila mwongozo, bila hata kujua kwamba anapumzika. Zama hizo zimezikwa! Serikali imemtafutia mahali, na imepata. Kukimbia ni haki ya kila raia, ilimradi asiikimbie serikali yake. Natamka kwamba eneo hili, kuanzia dakika hii, limezinduliwa rasmi!"

Pazia likavutwa. Bendi ikapiga. Mkurugenzi alilitazama jina lake, machozi yakamlengalenga. Wakati huo Bi Chausiku, aliyekuwa amesimama nyuma ya hema na faili kwapani, lililotolewa mezani kwa Mkurugenzi kwa ajili ya uzinduzi, alilitoa faili, akaligonga muhuri wa IMEZINDULIWA juu ya kisinia cha pilau, akapanda bajaji. Kabla soda hazijafunguliwa, faili lilikuwa rafuni.

Kesho yake dereva wa katapila alikwenda masijala kuchukua kibali cha kuanza kazi. Akaonyeshwa rafu.

"Mwanangu, mradi huu umekamilika," Bi Chausiku alimwambia. "Wewe unataka kubomoa kitu cha serikali?"

Dereva aliogopa, akageuza katapila. Mkurugenzi aliposikia, alikuja juu, akashika funguo za gari aende masijala kwa vitendo. Lakini kabla hajafika mlangoni simu ya mezani ikalia, nayo ilikuwa ya ikulu.

"Mutalemwa!" Mtukufu mwenyewe alikuwa anapiga. "Nimesikia redioni umekamilisha, na siku kumi na mbili zimebaki! Na wamenionyesha picha, nimeona wananchi wanakimbia kwelikweli. Nchi inahitaji watu kama wewe. Umekamilisha au hujakamilisha?"

Mkurugenzi alitazama dirishani, akatazama funguo, akatazama ile picha kubwa ya Mtukufu iliyokuwa ukutani ikimtazama yeye.

"Nimekamilisha, Mtukufu," alisema. "Ahsante, Mtukufu."

*

Katika nchi ile wakurugenzi hubadilishwa kama foronya. Miezi miwili baadaye redio ilitangaza, katikati ya bei za mazao na vifo, kwamba uteuzi wa Mhandisi Mutalemwa umetenguliwa. Sababu hazikutajwa, kwa kuwa serikali ile haina tabia ya umbeya.

Jumatatu iliyofuata, jua likiwa ndio linatoka, Fundi Mkumbukwa alikuwa anajinyoosha pale Kiwanja cha Mawe alipoona mtu amesimama pembeni, raba mpya miguuni, akiangaza huku na huku kana kwamba amepotea. Hakuwa na gari. Fundi akamsogelea.

"Shikamoo, Fundi," yule mtu alisema.

Fundi alishtuka kidogo, maana wakati wa cheo hakuwahi kuipata ile shikamoo.

"Marahaba, Mheshimiwa."

"Samahani, geti liko wapi?"

"Geti halipo. Pita tu."

"Na fomu?"

"Bi Sikudhani hajui kusoma fomu. Anajua kupuliza filimbi." Fundi akamtazama vizuri. Alikuwa amenenepa kwa ile miezi michache ya meza, na macho yalikuwa ya mtu aliyekaa ndani siku nyingi bila wa kumuuliza hali. Fundi aliyajua macho hayo. "Umeambiwa sukari?"

"Presha. Dokta Nyangeta amesema nisipotembea nitabebwa."

"Huwa anasema hivyo. Haya, njoo. Sisi hapa tuna mpango wetu, waheshimiwa huanzia kwenye mawe yao."

Na kweli, kwenye jiwe la Soko la Kisasa alikuwapo waziri wa zamani akichuchumaa na kuinuka, na pembeni mwa jiwe la Bwawa la Kuogelea alikuwapo katibu mkuu mstaafu, suruali imekunjwa, akipiga maji kwa miguu. Wote wawili waliinua mikono kumsalimu mwenzao mpya. Fundi alimpeleka mpaka kwenye jiwe jeusi, akamwonyesha namna ya kulishika na kunyoosha kigimbi, mikono juu ya neno Mwasisi, kisigino chini.

Kanga ya njano ikapita, vijana wakapita na mpira wao, harufu ya vitumbua ikapita. Mhandisi Mutalemwa alivuta pumzi, akatazama ule wekundu wote wa udongo na watu walivyojaa, wazee kwa watoto, kila mtu na lake, hakuna anayemfukuza mwenzake.

"Kumbe Jiji lina mahali pazuri namna hii," alisema. "Hivi miaka yote hiyo, kweli serikali haikupaona?"

"Ilipaona, Mheshimiwa, tena mara ishirini," Fundi alimjibu, akisikia filimbi ya Bi Sikudhani na kuanza kukimbia. "Mungu mkubwa, kila mara iliishia kwenye jiwe."